Nyoka wa Kwetu na Nyoka wa Hapa



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba tena niandike jambo litakalozifaa jamaa zote, wakubwa kwa wadogo. Mwaka huu nimechagua nyoka. Najua wako watakaocheka, maana hapa Clintonville hatuishi na nyoka kama tulivyoishi nao kwetu. Lakini kisa nitakachosimulia kimekaa nami zaidi ya miaka 50, na nusura kiirudie nyumba yangu mara ya pili. Nimeona ni heri nikiandike wakati bado nakikumbuka sawasawa.

Ilikuwa mwezi wa Mei, 2016, mwaka wa pili tangu nije kukaa kwa mwanangu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikipanda mchicha, na mjukuu wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 7, anacheza karibu nami. Mara nikasikia majani yakichakarika. Kutazama, nyoka! Alikuwa mwembamba, urefu wake hauzidi mkono wangu, mweusi mwenye mistari mitatu ya manjano kutoka shingoni hadi mkiani. Sikungoja kutazama zaidi. Mkono wa kushoto nilimvuta mtoto, mkono wa kulia nikashusha jembe. Nikapiga mara moja, nikapiga mara ya pili, na hata nyoka alipokuwa vipande vipande nilikuwa bado napiga.

Nilitaraji mtoto atanikumbatia. Badala yake alikuwa analia. Akaniambia, "Bibi, kwa nini umemwua? Huyu hana sumu. Anakula minyoo tu. Mwalimu wetu alituonyesha shuleni." Jirani yetu, mama mmoja mzee wa Kimarekani, alikuwa ameyaona yote kutoka upande wa pili wa ua. Hakunikaripia. Alitikisa kichwa, akaingia ndani kwake.

Niliona haya. Nimefundisha watoto wa watu miaka 34, nami siku ile nilifunzwa na mtoto wa miaka 7. Tena nikakumbuka chuoni, maalimu wetu alivyotusimulia hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu nyoka wa majumbani, kwamba waonywe kwanza siku tatu kabla ya kuuawa. Mimi sikumwonya nyoka yule hata kwa dakika moja.

Wahenga wetu walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Vijana waliozaliwa hapa huenda hawaujui ung'ongo. Ni uzi wa majani makavu wa kushonea mikeka. Ukianguka sakafuni hujikunja kama kijoka. Basi jioni ile mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, uliumwa lini?" Nikamjibu kuwa mimi sikuumwa, nikanyamaza. Jibu kamili sikuwa tayari kumpa.

Nilizaliwa Newala mwaka 1958, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji yalikuwa ya shida na nyoka wakapatikana bila shida. Tulikuwa na koboko, ambaye wazee hawakupenda kulitaja jina lake usiku. Tulikuwa na swila atemaye mate machoni, na hongo, nyoka wa kijani anayekaa juu ya miembe na mikorosho. Kule bondeni kwa mto Ruvuma walikuwako chatu, ambao watu wa huko waliwaogopea mbuzi wao. Na tulikuwa na kifutu, mnene, mfupi, rangi yake kama majani makavu. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha mtu hukimbia. Kifutu hakimbii. Hulala palepale njiani akitumaini kuwa hujamwona, na mara nyingi ni kweli hujamwona.

Wenyeji wa Newala wa umri wangu watamkumbuka Bwana Nyoka. Jina lake hasa lilikuwa Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, aliyekuwa bwana nyama katika pori la Selous kabla ya kuyatoa maisha yake kwa kukamata nyoka. Aliyempelekea habari kwamba kuna nyoka shambani kwake alipewa fedha kidogo, naye Bwana Nyoka huja na koleo lake refu, akamtoa hongo juu ya mwembe kama mtu anayechuma embe, akamtia mfukoni. Nyoka wake walisafirishwa kwenda nchi za mbali, wengine kwa ajili ya kuonyeshwa na wengine kwa ajili ya utaalamu wa sumu. Watoto tulimwona kama mchawi. Marehemu baba alikuwa akisema, "Yule si mchawi. Yule anamjua nyoka, na sisi tunamwogopa tu." Bwana Nyoka alifariki mwaka 1968.

Mwaka uliofuata, 1969, mdogo wangu wa kiume aliumwa. Mimi nilikuwa na miaka 11, yeye miaka 8. Mama alitutuma kuokota kuni, tukapita chini ya mikorosho ambako majani yalikuwa yamelala mengi. Mimi nilitangulia, yeye akafuata nyuma yangu akiimba. Kifutu alikuwa njiani. Nilipita juu yake wala sikumwona. Mdogo wangu ndiye aliyemkanyaga.

Nilifanya kama nilivyofundishwa na wakubwa. Nilichana kanga yangu, nikamfunga mguu chini ya goti, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikambeba mgongoni hadi nyumbani. Mganga akaitwa. Akamchanja kwa wembe kwenye jeraha, akabandika jiwe jeusi la nyoka, akasema jiwe lisipoanguka linanyonya sumu. Jiwe halikuanguka. Mguu ukavimba hadi paja, ukawa na malengelenge, nayo kanga yangu ilikuwa imezama ndani ya nyama. Kesho yake baba aliazima baiskeli akampeleka hospitali. Siku ya tatu, alfajiri, mdogo wangu akafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Hakuna aliyenilaumu, wala mama hakunilaumu. Lakini tangu siku ile, nyoka yeyote niliyemwona nilimwua, mkubwa kwa mdogo, wa njia na wa shamba. Nilipokuwa mwalimu, watoto wa shule walikuwa wakiniita nikiwa darasani nikaue nyoka, nami nilitoka na chaki mkononi. Nadhani niliua zaidi ya 100. Ule uliokuwa mkononi mwangu hapa Clintonville ulikuwa mpini wa jembe jingine, lakini hasira zilikuwa za mwaka 1969.

Baada ya machozi ya mjukuu wangu niliamua kufanya kazi niliyoizoea, yaani kusoma. Nilikwenda maktaba ya Whetstone, hapo High Street, nikaazima vitabu vyenye picha, nikasoma na mjukuu wangu jioni baada ya sala ya Magharibi. Yale niliyojifunza nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Yule niliyemwua anaitwa gata. Ni nyoka wa bustani, anakula minyoo, vyura na konokono wasio na nyumba wanaotafuna mboga zetu. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Mwenziwe ni kijoka cha rangi ya udongo, kidogo kama kalamu ya risasi, ambacho utakikuta chini ya mawe na majani makavu. Kando ya mto Olentangy kuna nyoka wa maji, mnene na mkali; ukimshika atakuuma na damu itatoka, lakini hana sumu. Yuko pia nyoka mweusi mla panya, ambaye ndiye mrefu kuliko wote katika jimbo hili la Ohio. Huweza kufikia karibu mita 2. Huyo akitishwa hutikisa mkia kwenye majani makavu ukadhani ni nyoka mwenye sumu. Makorongo yetu ya Glen Echo na Walhalla, ambako watoto wetu hucheza, ni makao ya wanyonge kama hao.

Wenye sumu katika Ohio nzima ni watatu tu. Wa kwanza jina lake maana yake ni kichwa cha shaba, naye yuko katika vilima vya kusini na kusini-mashariki. Wa pili ni nyoka wa njuga wa misituni, mkubwa, ambaye amebaki katika misitu michache ya kusini. Wa tatu ni nyoka wa njuga wa mabwawani, aitwaye massasauga, ambaye amekuwa adimu hata tangu mwaka 2016 serikali ya Marekani imemweka katika orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Hapa mitaani kwetu hakai hata mmoja wa hao.

Na dalili zao ni nyepesi. Wote watatu wana kichwa kipana cha pembetatu, shingo nyembamba, mboni ya jicho iliyosimama kama ya paka, na kitundu kati ya jicho na pua. Nilimkaririsha mjukuu wangu dalili hizo mpaka akazijua kama alifu kwa kijiti. Nilifurahi. Niliona nimelipa deni la nyoka niliyemwua.

Oktoba 2018 mwanangu alitupeleka Adams County, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari, kwenda kuliona tuta la nyoka. Wenyeji wa kale wa nchi hii, waliokuwako kabla Mzungu hajafika, walijenga nyoka wa udongo juu ya kilima. Urefu wake ni mita 411, amejipinda kama aendaye, na mbele ya kinywa chake kuna duara la mviringo kama yai. Wataalamu bado wanabishana kama lilijengwa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa au yapata miaka 900 na zaidi iliyopita. Nilisimama pale nikawaza kuwa hata watu hawa walikuwa na habari zao na nyoka.

Tuliposhuka kwenye njia ya msituni, mjukuu wangu alitangulia, nami nyuma yake. Majani ya vuli yalikuwa yamejaa njiani, mekundu na kahawia. Ghafula moyo wangu ukasimama kabla akili haijajua kwa nini. Kati ya majani yale palikuwa na majani yaliyopangika mno. Nikasema, "Simama!" kwa sauti ile ya darasani. Mtoto akasimama. Hatua mbili mbele yake alilala kichwa cha shaba, amejikunja, mgongoni ana alama kama viuno vya vikombe vya kahawa. Alikuwa kimya, asogei, kama kifutu wetu hasa. Mwanangu alikuwa ameshapita karibu naye bila kumwona.

Hapakuwa na jembe, na nakiri kuwa nililitafuta kwa macho. Kisha nikamshika mtoto bega, tukarudi kinyumenyume, tukazunguka mbali. Nyoka hakututazama hata kidogo. Ndani ya gari mjukuu wangu akauliza, "Umemwonaje, Bibi?" Hapo ndipo nilipofahamu kuwa hofu yangu haikuwa upumbavu mtupu. Macho yale nilipewa Newala, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Julai 2019 tulikwenda nyumbani, mimi na mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka 10. Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa shambani kwa binamu yangu, chini ya mikorosho. Mtoto alisimama karibu na tawi lililoinama, anatazama kitu. Nikamwona anainua mkono polepole. Juu ya tawi, usawa wa uso wake, palikuwa na nyoka wa kijani, mwembamba, mrefu.

Akaniambia kwa furaha, wala hakugeuka, "Usiogope, Bibi. Tazama, kichwa chake si cha pembetatu. Na jicho lake lina mboni ya mviringo. Huyu hana sumu."

Maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemkaririsha jioni baada ya jioni, tena nilimpa alama zote 10. Wala sikumwambia, kwa kuwa mwenyewe sikuliwaza, kwamba dalili zile ni za nyoka wa Ohio. Kwetu hongo ana kichwa chembamba na mboni ya mviringo. Koboko ni vivyo hivyo. Swila ni vivyo hivyo. Wale wanaoua upesi kuliko wote kwetu hawana hata dalili moja ya zile nilizomfundisha.

Nilimshika shati kwa nyuma, nikamvuta taratibu, hatua kwa hatua, bila kupiga kelele. Nyoka akatutazama, akateleza juu ya mkorosho, akapotea kwenye majani. Binamu yangu alikuja, akatazama mti, akasema, "Huenda alikuwa ukukwi, hana madhara. Huenda alikuwa hongo. Wa kijani juu ya mkorosho sisi hatumwulizi jina." Kisha akaendelea na kazi yake.

Miguu yangu ilikuwa haina nguvu. Nilikaa chini palepale. Mdogo wangu nilimfunga kanga kwa elimu niliyopewa na wakubwa. Mjukuu wangu nilikaribia kumwua kwa elimu niliyoichukua maktaba. Zote mbili nilizifundisha kwa mapenzi. Alasiri ile nilimpeleka makaburini, nikamwonyesha kaburi la babu yake mdogo ambaye hakuvuka miaka 8, nikamwambia yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyetangulia njiani. Hakusema neno. Aliinama akang'oa majani yaliyoota juu ya kaburi, akaniuliza dua gani isomwe.

Ndugu zangu, kila mwaka wakati wa likizo familia zetu nyingi huwapeleka watoto nyumbani. Huwachanja, huwanunulia dawa za malaria na vyandarua. Naomba tuwape na maneno haya.

Kwanza, nyoka wa hapa asipimwe kwa hofu ya kwetu. Ukimwona nyoka bustanini hapa Clintonville, mwache apite. Nyoka wa kwetu naye asipimwe kwa kitabu cha hapa. Mtoto aambiwe waziwazi: ukiwa Afrika, nyoka yeyote ni wa kukaa mbali naye, awe mzuri namna gani, na mwenyeji wa pale ndiye mwalimu.

Pili, usiku watembee na tochi, wavae viatu, wasitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia.

Tatu, mtu akiumwa, popote pale, asifungwe kamba, asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asibandikwe jiwe. Jiwe lile halinyonyi sumu. Kamba iliyokazwa huuzuia mzunguko wa damu na huweza kuuharibu mguu kabisa. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali papo hapo. Nyoka asifukuzwe ili aonyeshwe kwa daktari. Wengi huumwa mara ya pili kwa sababu hiyo. Kwa hapa Marekani iko simu ya bure ya habari za sumu, usiku na mchana, 1-800-222-1222. Iandikeni ukutani jikoni.

Shirika la Afya Duniani lilikuumwa na nyoka kuliingiza mwaka 2017 katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, nalo linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka. Hapa Marekani huumwa na nyoka wenye sumu watu 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka, na wanaokufa ni kama 5 tu. Msidhani ni kwa sababu nyoka wa hapa ni wapole. Ni kwa sababu gari lipo, barabara ipo, na dawa ya sumu ipo hospitali. Mdogo wangu alipata baiskeli ya kuazima, tena siku ya pili.

Mjukuu wangu sasa ana miaka 16. Anasema atasomea udaktari, lakini vijana husema mengi. Bustani yangu ya mchicha ipo bado, na kila mwaka joto likianza gata huja kuota jua juu ya jiwe karibu na ngazi. Sikuzoea, na mwili bado hunisisimka. Jembe naliweka chini, nasema bismillahi, namwambia apite. Jirani yangu akiwa upande wa pili wa ua hunipungia mkono.

Ni mimi mwalimu wenu, Clintonville. Wassalaam.